Nyama ya Fainali

Juzi binti yangu aliniletea zawadi ya mkoba wa ngozi. "Ngozi halisi, Mama," akasema, "siyo ile yako ya plastiki inayobanduka." Nikaupokea kwa bismillahi, nikafungua zipu, nikaingiza pua ndani kama afanyavyo mwanamke yeyote aliyepewa mkoba mpya. Hapo hapo wali wa mchana ukanipanda hadi kooni. Nilikimbilia uani nikatema mate, nikatema tena, binti yangu amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyeonewa. Nikamwambia ni presha. Ningemwambia nini kingine? Kwamba mkoba wake wa bei mbaya unanuka mpira wa Wajerumani?

Ndiyo, mpira wa Wajerumani. Watu wa rika langu ukiwatajia mpira wa Ulaya wa miaka ile, enzi za mabanda ya video, wanatabasamu na kuanza kutajiana mabao. Mimi nasikia kinyaa. Napata uvundo wa ghala la ngozi la Kizota, pale Dodoma, na hivyo viwili sijawahi kuvitenganisha kichwani. Mpira ulichezwa kwenye uvundo, ukaisha kwenye uvundo, na mimi nikala.

Baba yangu alikuwa karani wa shirika moja la umma lililonunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kwa wafugaji wa Ugogo. Biashara huria ilipoingia, shirika likafa, wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na kuambiwa kila mtu atafute njia yake. Kila aliyepunguzwa alifungua kitu. Huyu genge la nyanya, yule mashine ya kusaga, jirani yetu kuku wa kisasa ambao kideri kiliwamaliza wote kwa juma moja. Baba alinunua televisheni na deki, kisha akapanga ghala lile lile alilokuwa akihesabia ngozi, akaweka mabenchi. Likawa banda la video.

Ngozi zilikuwa zimeondoka, lakini harufu haikuwa na taarifa. Sakafu ile ilikuwa imekunywa damu na maji ya chumvi miaka nenda miaka rudi, na jua la Dodoma lilipopiga bati mchana, ilianza kutoa jasho. Ukikanyaga, kandambili inanata. Kuta zilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi uliochanganyika na manyoya. Kwenye nyufa walitoka funza wanene wasio na haraka. Baba akamwaga majivu, akapuliza na dawa ya wadudu, ikawa sasa tunanusa ngozi na majivu na dawa. Juu yake weka majasho ya wanaume sitini, sigara, na kahawa iliyomwagika. Mama alikuwa akitupokea mlangoni na ndoo ya maji: "Vueni huko huko nje. Msiniletee maiti ndani."

Lakini wanaume walijaa. Walijaa kwa sababu kila Jumamosi baada ya alasiri, Baba alionyesha mchezo wa timu moja ya Ujerumani. Timu yenyewe siitaji kwa jina, haina kosa lolote. Ilitoka mji wa viwanda vya chuma, wachezaji wake wakivaa bluu yenye mstari mweupe begani, na wachomeleaji na maseremala na mafundi magari wa Kizota walipoambiwa kwamba mji ule nao ni mji wa mafundi, wakaichukua timu kama ndugu aliyepotea. Wakaiita Mafundi. Mafundi walikuwa wanashindania vikombe vitatu kwa msimu mmoja: ligi ya kwao, kombe la kwao, na kombe la Ulaya. Ukipita Kizota katikati ya juma ungesikia mtu amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana, anabishana kuhusu beki wa kushoto.

Baba alisema mikanda inatumwa na rafiki yake, mtu aliyekwenda Ujerumani kusomea mashine akakaa huko huko. Kila mchezo ukichezwa, rafiki anaurekodi, anautia kwenye ndege, unafika Dar, unapanda basi, Ijumaa uko Dodoma. Na kweli, kila Jumamosi Baba alisimama mbele ya watu na kifurushi kilichoshonewa kitambaa cheupe cha amerikani, mshono umepita pande zote, fundo limegandishwa na nta nyekundu. Nyinyi mliopokea vifurushi enzi zile mnavijua. Alikizungusha ili kila mtu akione, akatoa wembe, akakata uzi mmoja mmoja. Watu walinyamaza kama wanaotazama mtoto akitahiriwa. Mkanda ukitoka, wanashangilia kabla hata mpira haujaanza.

Mtangazaji alizungumza Kijerumani, kwa hiyo Baba alitafsiri, ingawa hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji. "Anasema huyu kipa mama yake ni mgonjwa," Baba angesema, na ukumbi wote unamhurumia kipa. Mimi niliamini. Nilikuwa darasa la nne, nakaa kwenye gunia langu karibu kabisa na kioo, na nilimwona baba yangu kuwa mtu mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Siku moja uwanja ulitokea mweupe wote, wachezaji wanatoa moshi mdomoni na mpira umepakwa rangi ya chungwa. Nilitazama kuta za ghala, nikatazama kioo, nikaelewa mara moja: wameutia uwanja chumvi usioze. Nilimwambia Mjomba Issa aliyekaa nyuma yangu, naye akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Huyu Mjomba Issa alikuwa mdogo wake Mama, wa mwisho kuzaliwa kwao Busi, huko Kondoa. Alikuwa seremala Kizota. Mtu mwembamba, mpole, vumbi la mbao kwenye kope. Aliniita mjomba na mimi namwita Mjomba. Alikuja Dodoma kwa shughuli moja tu, kutafuta mahari ya Zaituni. Zaituni alikuwa binti wa jirani zao, mwenye sauti kama ya mtu anayekaribia kucheka, na wakati wa likizo alinisuka nywele bila kunivuta hata mara moja. Nilitaka aolewe na Mjomba kuliko Mjomba mwenyewe alivyotaka. Wazee wake walitaka vitu vidogo vidogo ambavyo vilikwisha kutolewa, na mtamba mmoja. Mjomba alipiga randa mwaka na nusu, akamnunua huyo mtamba mnadani kwa Mgogo mmoja, akamleta kwetu tumtunze uani mpaka mvua zikatike na barabara ya Kondoa ipitike.

Mtamba alikuwa mwekundu, na kipajini ana doa jeupe lenye umbo la jani. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilimpa pumba na maganda ya viazi, akanilamba mkono kwa ule ulimi unaokwaruza. Nilimwita Wifi, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamleta Zaituni awe wifi yake Mama.

Mjomba peke yake, kati ya wanaume wote wale, ndiye aliyewahi kuuliza swali la akili. Mkulima ni mkulima tu hata ukimpa msumeno. "Shemeji," alimwambia Baba siku ile ya uwanja wa chumvi, "redio si imesema huko Ulaya sasa hivi wanalia joto? Mbona hawa wanatoa moshi?"

"Ulaya ni kubwa, shemeji," Baba akajibu bila kupepesa. "Hata hapa, Kondoa mna ukungu na sisi Dodoma tunaungua."

Watu wakacheka, Mjomba naye akacheka. Kati yao kulikuwa na utani wa mashemeji, na utani, kama mjuavyo, hauna kesi. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe, akakunyang'anya kofia msibani, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa. Mama alikuwa akisema utani ni chumvi ya undugu. Siku hizi hata hiyo chumvi siisikii ila naona zile kuta.

Msimu ukaenda. Kwenye kombe la kwao Mafundi walitolewa nusu fainali kwa penalti, na fundi mmoja wa majiko alivunja benchi. Kwenye ligi walipigana mpaka mwisho, wakawa wa pili. Ikabaki Ulaya. Huko walimtoa huyu, wakamtoa yule, mara ya mwisho kwa bao la kichwa dakika za lala salama, na kesho yake Kizota hakuna aliyefanya kazi ya maana. Wakaingia fainali.

Hapa lazima niseme siri niliyokuwa nayo, kwa sababu ndiyo iliyonitia tope. Nilikuwa nimegundua kitu. Kila Jumamosi Mafundi walipokuwa wanakwenda kushinda, Baba aliamka akipiga mluzi. Alinyoa ndevu akipiga mluzi, akachanganya chai akipiga mluzi. Siku waliyokwenda kufungwa, alinyoa kimya. Sikukosea hata mara moja. Kwa akili zangu za kitoto niliona kwamba Baba ana kipaji, kwamba anaota, kama yule babu wa Kondoa aliyeota mahali pa kuchimba kisima. Na kwa kuwa mwenyewe hakulisema, nikajua ni jambo la heshima, nikalihifadhi.

Ijumaa ya kuamkia fainali, Mjomba alikuja kumpelekea mtamba maji. Baba alikuwa kibarazani na kikombe chake.

"Shemeji," Baba akaanza, "kesho Mafundi wako wanafungwa."

"Wangu? Si wako pia? Wewe ndiye mwenye timu!"

"Mimi nawakataa. Kama wewe mwanamume wa Busi kweli, weka kitu."

"Kamari haramu, shemeji, unajua."

"Kamari ni ya watu baki. Sisi tunataniana. Mimi naweka televisheni na deki. Wewe weka huyo ng'ombe wako mwenye jani usoni. Mkanda uko ndani, umeshonwa, haujaguswa na mtu. Tuone nani anajua mpira."

Mjomba alicheka, halafu akaacha kucheka. Nilimwona anapiga hesabu. Televisheni na deki! Angeuza kimoja akanunua ng'ombe wawili, kingine akaenda nacho Busi, akawa mtu. "Nitakujibu kesho kabla hujakata uzi," akasema. Mama alikuwa jikoni. Sufuria lilianguka, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya Jumamosi nilifumbuliwa macho na mluzi.

Ulikuwa mluzi ambao sijawahi kuusikia, una madaha, unapanda na kushuka. Baba alinyoa ndevu, akapaka mafuta, akanipa andazi zima. Sikumaliza andazi. Nilikimbia kwa miguu mitupu hadi karakana ya Mjomba, nikamkuta amekaa juu ya mbao hafanyi kitu.

"Mjomba, weka! Weka Wifi! Mafundi wanashinda!"

"Nani kakwambia?"

Nikamweleza habari za mluzi, toka mwanzo, mchezo kwa mchezo. Alinisikiliza kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima. Akaniuliza mara mbili, "Na leo anapiga?" Nikamwambia leo anapiga kuliko siku zote. Mjomba akafuta vumbi kwenye kope, akasema, "Mtoto hajui kusema uongo." Akanishika kichwa, tukaenda.

Ghala lilifurika siku ile mpaka watu wakasimama kwenye madirisha, na uvundo ulikuwa mzito, unautafuna. Baba akainua kifurushi. Mjomba akanyoosha mkono mbele za watu, akasema, "Nimekubali, shemeji." Wakashikana mikono, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Uzi ukakatwa.

Mafundi walitangulia kufunga. Nilirushwa juu na mtu nisiyemjua. Mjomba alikuwa amesujudu pale pale sakafuni, kwenye ule unyevunyevu, na alipoinuka kipaji chake kilikuwa na utando wa uchafu unaong'aa. Kipindi cha pili wenzao wakasawazisha. Zikabaki dakika chache, ikapigwa kona, mpira ukagonga goti la beki wetu wa kushoto, ukaingia ndani pole pole kama mbuzi anayerudi zizini.

Niligeuka kumtazama Baba, nikitegemea atasema kitu, atafsiri, aseme bao limekataliwa. Baba hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama Mjomba. Alikuwa amegeuza kiti kabisa, mgongo kwa televisheni, anamtazama Mjomba kama watu walivyokuwa wanatazama mpira. Wakati ule sikuelewa. Nilijua tu kwamba nimeona kitu kibaya, nikaangalia chini.

Mjomba alicheka. Ilibidi acheke, ndiyo sheria ya utani. Akasema, "Shemeji, umenipata," akatoka.

Jumapili Wifi akachinjwa. Baba aliita jirani, wakamlaza uani kwetu. Nilijifungia ndani, nikalia na kuziba masikio, na nilipofungua nilisikia tu watu wanapongezana kwa mafuta aliyokuwa nayo. Kisha Mama akapika. Ilikuwa ni miezi tangu tuonje nyama, tangu kiinua mgongo kilipokwisha. Harufu ya kitunguu na nyama ikaingia chini ya mlango. Nilijiambia sitakula. Nilijiambia hivyo mpaka sahani ilipowekwa mbele yangu. Halafu nikala. Nilikula, nikalamba vidole, nikasukuma sahani mbele nikasema, "Mama, niongeze."

Mama aliniongeza bila kunitazama. Yeye hakula. Alisema jino linamuuma. Jino hilo lilimuuma siku nne, mpaka nyama ilipokwisha, na mimi nilimwonea huruma kweli, nikamletea karafuu atafune.

Baba alikata mkia, akaufunga kwenye gazeti, akanipa. "Mpelekee mjomba wako. Mwambie shemeji yako anasema mwenye ng'ombe hakosi mkia." Alikuwa anacheka hadi machozi. Niliupeleka. Gazeti lililowa njiani, damu ikanishukia mpaka kwenye kiwiko, inzi wananifuata. Mjomba aliupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu chochote cha mtu, akasema, "Mwambie shemeji nimepokea, nashukuru." Hakunigombeza. Angenigombeza afadhali, hata angenipiga, nami ningekwenda zangu na kilio changu kikaisha. Alinichotea maji, akaniosha mkono mpaka kiwiko, akaniambia nirudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Ngozi ya Wifi ilitiwa chumvi na kuwambwa ukutani ghalani. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na filamu ya ngumi. Nilikaa kwenye gunia langu, nikainua macho, na lile jani jeupe la kipajini lilikuwa linanitazama. Lilikuwa linachuruzika. Nilitoka nje nikatapika hadi nyongo.

Sijui ni siku ngapi zilipita baada ya hapo. Nilikuwa natafuta kipande cha kitambaa cha kushonea nguo ya mwanasesere, nikakumbuka amerikani ya Mama. Kila Alhamisi nilikuwa namwona anashona vifuko vyeupe, na nilipomuuliza alisema ni vya kurudishia mikanda Ujerumani. Nikaingia chini ya kitanda chao, nikavuta boksi. Ndani mlikuwa na mikanda. Yote. Mchezo wa kwanza hadi fainali, imepangwa, kila mmoja na namba yake. Mlikuwa na kipande cha nta nyekundu na sindano kubwa. Na barua, yenye mwandiko mzuri ambao hata mtoto wa darasa la nne aliweza kuusoma:

"Ndugu yangu, pole kwa kupunguzwa kazi. Nakutumia msimu mzima wa mwaka jana wa hii timu ya mjini kwetu, labda utakusaidia hapo bandani kwako. Fainali tulifungwa, inasikitisha, lakini ni mchezo mzuri."

Nilisoma mara tatu. Nilikaa pale chini ya kitanda, kwenye vumbi, na vitu vikaanza kujipanga kimoja kimoja bila mimi kuvitaka: moshi mdomoni mwa wachezaji, mluzi, kiti kilichogeuzwa, jino la Mama. Nikasikia nyama inapanda kooni, ingawa ilikuwa imekwisha kutoka tumboni siku nyingi.

Mama alinikuta hivyo, barua mkononi. Hakushtuka. Alikaa sakafuni kando yangu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilikuwa nashona, mwanangu. Nilidhani ni mchezo wa kuvutia watu tu. Nani anaumia? Wakija wanafurahi. Ijumaa ile nilimwambia usiku, huyu ni mdogo wangu. Akasema ni utani. Akasema nikifumbua mdomo, nichukue watoto niende nao Busi nikalime mawe."

"Sasa tumwambie Mjomba."

"Tumwambie, halafu? Ng'ombe ameshaliwa. Wote tumeshaosha mikono." Akanichukulia barua, akaikunja. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Rudisha boksi."

Nikarudisha. Nilikuwa na miaka kumi, na nilirudisha boksi mahali pake kabisa, hata alama ya vumbi nikaifuata.

Mvua zilipokatika, Zaituni aliozwa kwa mwenye lori la kununua mahindi. Mjomba alifunga msumeno na randa kwenye gunia, akarudi Busi, akakaa bila mke miaka mingi hadi alipomwoa mjane mwenye watoto wawili. Banda la video lilikufa watu walipoanza kununua televisheni zao. Baba alizeeka vizuri, mtu wa swala tano, mcheshi, watu wakimpenda. Kwenye matanga yake Mjomba alikuja na debe la asali, na kama mtani alivyostahili, akavaa koti la marehemu akaiga mwendo wake, waombolezaji wakacheka mpaka wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nimeuma kanga. Mama alimfuata Baba mwaka uliofuata, na boksi nililichoma mimi. Plastiki ile ilitoa moshi mweusi unaonata, na hata huo ulinuka ngozi.

Baada ya mkoba wa binti yangu sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikapanda basi la Kondoa.

Mjomba nilimkuta uani, anapepeta alizeti. Macho yamefifia, lakini mikono ni ile ile. Nilimwamkia, akanikalisha, mkewe akaleta uji. Sikuugusa. Nilimwambia yote, nikiwa nimeshika kikombe: boksi, vifuko vya Mama, barua, na kwamba mluzi wa asubuhi ile ulikuwa wa ng'ombe, si wa Mafundi. Nilimwambia kwa sauti moja, kama anayesoma, maana ningesita nisingemaliza.

Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Ndipo akauweka chini.

"Kwa hiyo nilipokuwa nimesujudu pale," akasema taratibu, "walikuwa wamekwisha kufungwa?"

"Walikuwa wamekwisha kufungwa mwaka mzima kabla, Mjomba."

"Nilifunga saumu Jumatatu na Alhamisi ya juma lile. Kwa ajili yao. Na kwa ajili ya yule binti." Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba barua alizokuwa akiandika maisha yake yote hazikuwa na mpokeaji. "Ule mkia niliuzika nyuma ya karakana. Niliuchimbia kama mtu. Nikasema, hata kama ni utani, hiki sikili."

Kuku wakaja kuparua kwenye makapi ya alizeti, naye hakuwafukuza. Akanitazama kwa yale macho yaliyofifia, bila ubaya wowote, kama vile anauliza habari za safari.

"Na wewe, mjomba wangu? Ulikula?"

Ningeweza kumwambia jino lilikuwa linaniuma.

"Nilikula, Mjomba," nikasema. "Nikaomba niongezwe."